Mpwa wangu anatupa gogo mtoni siku nzima, anarudi mikono mitupu, na anacheka. Vijana, mnielezee

Papa_Katuba (mleta uzi)

Habari za jioni, wakubwa na wadogo. Niko Lubumbashi, komini (mtaa mkubwa) ya Katuba, lakini kitovu changu kiko Kasenga, ukingoni mwa Luapula. Kuloba, yaani kuvua samaki, nilianza kabla sijajua kufunga vifungo vya shati. Nitajaribu kuandika Kiswahili cha kuelewana wote, maana hiki chetu cha hapa ndugu wa Dar wakikisoma wanacheka.

Mtoto wa dada yangu ana miaka 19, amemaliza egzeta, mtihani wa mwisho wa sekondari, mwaka huu, yuko nyumbani. Siku moja naingia uani nakuta amevunja paleti mbili, zile za mbao nyeupe zinazobeba mizigo ya migodini, na anachonga samaki. Si mwanasesere wa watoto: sentimita 22, nimempima mwenyewe kwa futi ya fundi cherehani. Kamkata vipande viwili, kamuunga kwa bawaba ya waya, mgongo kijani, tumbo jeupe, macho ya shanga. Kwa mbali ungeapa ni pale, yaani tilapia wetu, aliye mchanga. Anamwita swimbeiti.

Jumamosi tukaenda Kasenga. Mimi na fimbo yangu ya mwanzi na kopo la minyoo. Kufika saa nane mchana nilikuwa na samaki 31, wadogo kwa wakubwa, beseni limejaa. Yeye tangu saa kumi na mbili asubuhi anatupa lile gogo, analivuta, anatupa, analivuta. Pwaa! Kama mtu anayerusha tofali mtoni. Hakupata hata gamba. Wakati wa kurudi tuko juu ya magunia ya mihogo kwenye Fuso, zaidi ya kilomita 200 za vumbi. Mimi mwenye beseni ndiye niliyenuna, jua limenichoma. Yeye anashika bega linalomuuma na kucheka peke yake: "Mjomba, ulimwona yule aliyenifuata?"

Sikumwona mtu.

Naambiwa si yeye tu, vijana wa huko Marekani na Japani nao wamepagawa na kitu hiki. Wenye kujua mniambie kinachowavuta ni nini. Kwenye sahani sioni chochote.

Mzee_wa_Ujiji

Njaa haijampiga vizuri huyo. Kwetu Kigoma mtoto akirudi bila mgebuka anakula ugali kwa harufu ya jirani.

Naivasha_Asubuhi

Papa Katuba, salamu kutoka Kenya. Mimi navua Naivasha. Ziwani kwetu kuna besi, samaki wa Marekani aliyeletwa na wakoloni miaka ya 1920, kwa hiyo wazimu huu ulinifikia mapema.

Swimbeiti ni samaki bandia mkubwa anayeogelea kama samaki, basi. Ukubwa hauna sheria, ila wengi huanza kuliita jina hilo kuanzia sentimita 15 kwenda juu. Wapo wa sentimita 25 wenye uzito wa zaidi ya gramu 150. Mtu aliyezoea kutupa gramu 10 akikabidhiwa hicho anadhani anataniwa, na akikitupa kwa fimbo ya kawaida, fimbo inavunjika kwa sauti ya muwa.

Kilizaliwa California. Kule kusini kuna mabwawa ya kuhifadhi maji, Castaic, Casitas, Dixon na mengine, ambayo hujazwa trauti wa kufugwa majira ya baridi ili watu wapate cha kuvua. Ndani ya mabwawa hayohayo walishapandikizwa besi wa ukoo wa Florida, wanaokua kuliko ndugu zao. Besi wakajifunza haraka kwamba lori la trauti likifika, mezani pameandaliwa. Wakanenepa. Castaic mwaka 1991 alitoka mmoja wa pauni 22, yaani karibu kilo 10. Sasa samaki aliyezoea kumeza trauti mzima mzima, wewe utamshawishi kwa mnyoo?

Ndipo watu wakaanza kuchonga. Allan Cole alitengeneza A.C. Plug, mwili wa mbao, mkia laini. Miaka ya baadaye Ken Huddleston akaja na trauti wa plastiki laini, huyo hana mbwembwe, anatikisa mkia tu na kushuka polepole, lakini besi wakubwa wamemla sana. Wajapani nao wakaingia na mikono yao ya ustadi. Ile Slide Swimmer 250 ya kampuni ya Deps inakwenda kulia na kushoto kama mlevi mwenye heshima zake.

Vijana inawavuta kwa sababu nyingi, nitataja moja tu ambayo watu huisahau. Marekani mashindano mengi ya besi hupima samaki watano kwa jumla. Kushinda huko kunataka boti yenye injini kubwa na vioo vya kuonyesha samaki chini ya maji, na bei yake ni ya nyumba. Kijana wa miaka 18 hana. Ila anaweza kuwa na fimbo moja nzito, gogo moja, na ukingo wa bwawa lililo nyuma ya shule. Akimpata mmoja tu wa kilo nne, wenye boti wote watamwuliza alimpatia wapi.

Papa_Katuba

Asante mwanangu, umenifungua macho. Swali dogo. Huyo besi mkubwa kuliko wote duniani alishikwa na gogo?

Naivasha_Asubuhi

Hapo umenibana. Rekodi ya dunia ina wenyewe wawili. George Perry, Georgia, 1932, na Manabu Kurita, ziwa Biwa, Japani, tarehe 2 Julai 2009. Wote kilo 10 na nukta kidogo. Kurita alitumia samaki hai.

Papa_Katuba

Nilijua! Samaki hai! Nitaprinti hii niibandike mlangoni kwake.

Mama_Kisense

Miye niko nauzisha samaki soko ya Kenya, miaka 23 sasa. Nilikuwa nasoma tu na kucheka, lakini leo niseme.

Batoto ba siku hizi banapenda kuonekana. Mutu anashika samaki moja, anapiga foto kumi na mbili, kisha anamurudisha mu maji. Anamurudisha! Mbele ya mama mwenye anatafuta kisense, ile tusamaki tudogo, ya kupikia batoto. Nikiona vile roho inaniuma.

Naivasha_Asubuhi

Mama, soko la Kenya? Uko Nairobi?

Mama_Kisense

Kenya ni komini ya Lubumbashi, mwanangu. Yako ni Kenya ingine.

Mama_Kisense

Na sijamaliza. Nkambo yangu, muzee wetu, alikuwa mulobi wa Luapula. Alikuwa anatuambia juu ya samaki ya mpumbu. Mvua ikianza, mpumbu banapanda muto, matumbo imejaa mayai, maji inageuka nyeusi kwa wingi. Batu banafunga muto na nyavu, banakamata bote, mayai banakula, banauzisha. Walimaliza. Mpumbu ile ya wingi miye sijaionaka na macho yangu, naijua kwa hadithi tu. Sasa munanifundisha kutafuta samaki mukubwa peke yake. Mukubwa njo mama. Mukimukamata, nani atazaa?

Kona_ya_Kwado

Mama Kisense, nakubali kuhusu mpumbu, wazee wa ziwa Mweru pande zote mbili wanaisimulia hivyohivyo. Lakini umejijibu mwenyewe. Anayemrudisha yule mama majini ndiye anayemwacha azae. Aliyemaliza mpumbu alikuwa na wavu, hakuwa na gogo la mbao.

Mama_Kisense

Sawa, umeniweza pale. Lakini bado ninauliza, anakula nini jioni?

Gogo_la_Paleti

Mjomba, shikamoo. Gogo ni langu. Rafiki amenitumia uzi huu akaniuliza, huyu si mjomba wako wa Katuba? Nimesoma mpaka kwenye bega na nikajua ndiye.

Mama Kisense, shikamoo na wewe. Jioni ile nilikula samaki wa mjomba na bukari, ugali wetu. Sikatai.

Niruhusuni nieleze, si kwa kubishana na mkubwa.

Mjomba, ukitupa mnyoo, kijiti kinazama, unajua kuna aliyeuma ila humjui. Mnaonana ukishamvuta. Mimi namwona kabla. Mwezi huu maji ya Luapula yako chini, yametulia, na pale kwenye mawe unapoachaga baiskeli unaona hadi mita mbili kwenda chini. Nilikuwa navuta polepole. Gogo linakwenda kulia, linakwenda kushoto, kama mtu asiye na haraka. Nyuma yake kikatokea kivuli. Nilidhani ni cha gogo lenyewe. Kikapata mistari. Kikapata mkia mwekundu. Manda, samaki wa meno.

Alikuwa nyuma yake kama urefu wa mkono. Gogo likienda kulia, kichwa chake nacho kulia. Nikasimamisha. Akasimama. Mimi sipumui, yeye mapezi tu yanatetemeka. Nikazungusha mulinee, kile kibiringi cha uzi, nusu mzunguko, gogo likageuka likamtazama usoni. Akafungua mdomo, mjomba, niliyaona meno yanavyopishana, kisha akaufunga na kushuka taratibu kama mtu aliyekumbuka ameacha chungu motoni.

Wewe wakati ule ulikuwa unamtoa tilapia wa ishirini na nne. Ulinipa mgongo.

Tangu Juni nimekwenda mara tisa. Niliowatoa ni wawili. Walionifuata ni kumi na saba. Wote nimewaandika kwenye daftari langu la hisabati la mwaka wa sita: siku, saa, jua au mawingu, gogo gani, aligeukia wapi. Usiku naliangalia. Wenzangu wana daftari za mambo mengine.

Na kuhusu foto, simu yangu ina ufa katikati ya kioo. Sijapiga hata moja.

Mzee_wa_Ujiji

Kumbe mpwa ana ulimi! Papa Katuba uko wapi?

Papa_Katuba

Niko hapa nasoma. Sikumpa mgongo. Nilikuwa nafungua ndoana.

Mbuga_na_Mto

Kijana, nimekupenda bure. Mimi Mtanzania ninayefanya kazi Zambia, upande wa pili wa mto wenu, nimemvua manda miaka mingi na najua maumivu yake. Tueleze unavyotengeneza, maana umesema wawili tu kati ya kumi na tisa. Wengine wanaokuuma wanatokaje?

Gogo_la_Paleti

Mkubwa, natengeneza hivi. Mbao ni ya paleti, ni laini na nyepesi, kisu kinaingia. Nachora samaki kwenye katoni, nakata, nabandika juu ya mbao, nafuata mstari. Msasa mbaya kwanza, kisha laini. Vipande viwili tu. Nikikata vitatu au vinne anajikunja kama nyoka na simpendi.

Mbao peke yake inaelea, kwa hiyo natoboa tumbo naweka risasi. Risasi napata kwa kwado, fundi wa matairi, vile vipande vya kusawazisha magurudumu, vilivyodondoka. Nayeyusha nje kabisa, kwenye kopo la nyanya, upepo ukinipiga mgongoni. La kwanza lilikwenda chini kama tofali. La pili lilielea ubavu, kama samaki aliyekufa jana. La tatu ndilo nililijua. Nalijaribu kwenye beseni refu la kufulia: nikiliachia lazima lishuke tumbo likiwa chini, bila kulala, na nihesabu hadi sita kabla halijagusa. Gramu mbili zikizidi nahesabu hadi tatu. Mama yangu alikuja na nguo akanikuta nimepiga magoti mbele ya beseni nahesabu, akauliza kama nimehamia kanisa jingine.

Tatizo langu lilikuwa waya. Hapa ni mji wa shaba, waya wa shaba hauna shida kuupata, nikautumia kushikia ndoana. Mwezi wa saba manda akaniuma. Kishindo mpaka kwenye kiwiko. Akaruka mara moja. Uzi ukalegea. Gogo likarudi bila ndoana ya nyuma, na waya umenyooka kama sindano ya kushonea gunia. Nilikaa kwenye jiwe nikautazama ule waya labda nusu saa.

Mbuga_na_Mto

Shaba! Ha ha ha. Pole. Shaba ni ya kupitisha umeme, haiwezi kumshika manda.

Sikiliza. Tumia waya wa chuma kisichoshika kutu, upite ndani ya mwili mzima kutoka puani hadi kwenye bawaba, na kipande cha nyuma vivyo hivyo. Ndoana zote zishikwe na waya huo mmoja. Mbao ikipasuliwa na meno, samaki bado anabaki kwenye waya. Ukikosa wa dukani, waya za gurudumu la baiskeli zinafaa ukiwa na koleo nzuri na subira.

La pili, mdomo wa manda ni mfupa mtupu. Ndoana nene yenye ncha butu inateleza kama msumari kwenye kioo. Inoe mpaka ikwaruze ukucha wako. Kati ya uzi na gogo weka waya wa chuma kama sentimita 40, la sivyo atakata na utamwachia gogo mdomoni, jambo ambalo ni dhambi.

La tatu, mara nyingi manda hukata mkia wa windo kwanza kisha hurudi kummalizia. Ndoana ya nyuma isikae mbali na mkia. Na akikata akakosa, usivute kwa hasira. Liache gogo lisimame kama lililojeruhiwa. Atarudi.

Wanaodhani hataona gogo la sentimita 22 kuwa chakula, wajue huyu samaki ana tamaa kuliko mwanasiasa. Watafiti Afrika Kusini waliandika mwaka 2014 jinsi walivyowaona wakiruka na kuwadaka mbayuwayu angani, kwenye bwawa la Schroda, Mapungubwe. Ndege anayeruka! Na binamu yake mbenga, wa Lualaba na mto Kongo, rekodi yake ni kilo 44, Kinshasa, mwaka 1988. Huyo gogo lako atalitumia kuchokolea meno.

La mwisho, na hili si utani. Luapula usisimame majini mpaka magotini kwa ajili ya kufuatilia kivuli. Mamba naye anafuata, na yeye haandikwi kwenye daftari.

Gogo_la_Paleti

Nimeandika yote, mkubwa. Asante sana. La mamba nimelipigia mstari.

Bukavu_Juu

Jamani nami niingie ingawa sina mto wa kujivunia. Niko Bukavu, mbele yangu ziwa Kivu, zuri kama picha, na ndani yake hakuna wa kulila gogo. Hatuna sangala, hatuna manda. Hata sambaza tunaowala walitolewa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na kupandikizwa hapa. Usiku unaona taa za wavuvi wa sambaza na kuwasikia wakiimba, raha tupu, lakini swimbeiti ukiitupa Kivu utaivuta mpaka parapanda ilie. Mwenye hamu hiyo ateremke bonde la Ruzizi mpaka Uvira, penye ziwa Tanganyika.

Kwa hiyo mimi ni wa kutazama tu. Miaka minne natazama video za vijana wa California na Japani wakitupa, na sijashika hata fimbo. Nitawaambia kitu ambacho mvuvi hawezi kukiona: kule mtandaoni nusu ya starehe haiko majini. Iko kwenye kununua. Fundi mmoja gereji kwake anachonga magogo ishirini, anatangaza kwamba Ijumaa saa fulani anayaachia. Vijana wanakesha. Dakika moja yamekwisha. Kesho yake moja linauzwa mara mbili ya bei, na wengine hawalitupi kamwe, wanalitundika ukutani kwa kuogopa litakwaruzika.

Nyie Wakongomani wenzangu, hilo mmeliona wapi? Sape! Ule wazimu wetu wa kuvaa nguo za bei mbaya. Ni sape ya mtoni. Mtu ana kiatu cha Weston cha kumaliza akiba yote na kitanda hana. Mjomba wangu mmoja alikuwa anavua viatu mvua ikianza, anavibeba kwapani, anakanyaga tope kwa miguu.

Kona_ya_Kwado

Sape ya mtoni nimeipenda. Lakini huyu wa Katuba si sapere, huyu ni fundi cherehani anayejishonea mwenyewe.

Mama_Kisense

Na anaweza kuuzisha? Wazungu na Wachina ba migodi banapenda kuloba siku ya Mungu.

Gogo_la_Paleti

Mama, nimeuza mawili, kwa mhandisi mmoja wa mgodini. Nilimpa kwa bei ya mfuko wa unga, yeye mwenyewe akaongeza mara tatu. Nilimpa mama yangu zote. Ila kuna moja, lile la mgongo wa kijani, aliniuliza bei nikashindwa kutamka.

Mzee_wa_Ujiji

Basi ameshaingia. Huyo hatoki tena.

Papa_Katuba

Wiki tatu nimenyamaza, nina habari.

Kwanza niseme jambo nililokuwa nimelisahau. Baada ya kusoma ule ujumbe wa kivuli nililala vibaya. Nikamkumbuka baba yangu. Mchana alikuwa mtu wa minyoo kama mimi, lakini jioni kuelekea usiku wa giza alikuwa anachagua pale mmoja hai, mkubwa wa kutosha kulisha watu wawili, anamtia ndoana ya mgongoni, ndoana iliyofuliwa na mhunzi, na kumfunga kwa kamba kwenye mti uliolala majini. Mama alikuwa anagomba, samaki mzima huyo unamtupa! Asubuhi mara nyingi kamba ilikuwa tupu. Siku nyingine ilikuwa imekatika. Mara moja tu nakumbuka tukikimbia wote, hata majirani, kambale mrefu kuliko mimi. Baba hakuwahi kutuambia kwa nini anafanya vile, na mimi nilipokua sikukifanya hata siku moja. Nina watoto sita, nilichagua minyoo.

Jumamosi tukarudi Kasenga, kabla Desemba haijafika na mvua haijachafua maji. Mpwa amekuja na gogo jipya, waya umepita ndani mwili mzima kama alivyoelekezwa. Waya za baiskeli. Baiskeli yangu, nimekuja kujua baadaye, ndiyo maana gurudumu la nyuma linacheza ngoma.

Kufika saa nne nilikuwa na samaki kumi na wawili. Nikamwambia nipe hicho kitu nijaribu. Akanifundisha kushika mikono miwili, nisirushe kwa nguvu, fimbo ndiyo itupe. La kwanza liliingia kwenye matete upande wangu mwenyewe. La pili nilisokota uzi wote kwenye mulinee, ikatuchukua robo saa kufumua, yeye kimya kwa adabu lakini mabega yanamtetemeka. La tatu likaenda. Pwaa.

Sitawadanganya, nilitupa labda mara hamsini na mkono ukawa kama wa mtu mwingine. Niliona majani. Niliona mawe. Nikaanza kuelewa vibaya zaidi kuliko mwanzo. Kisha kwenye yale mawe nikavuta, likaenda kulia, likaenda kushoto, na kitu kikatoka chini ya jiwe bila kelele na kukaa nyuma yake.

Mpwa aliniona nilivyoganda. Akaja taratibu, akaninong'oneza, "Simamisha, mjomba."

Nikasimamisha.

Sasa moyo unagonga mpaka naona aibu, mtu wa miaka 51. Akanong'ona, "Nusu mzunguko." Nikazungusha nusu. Gogo likageuka.

Yaliyofuata hayapangiki vizuri. Fimbo ilikunjika, maji yalipasuka, manda akatoka juu mwili mzima, anatikisa kichwa kama mbwa aliyeshika kitambaa, nikasikia ndoana zinagonga mfupa, kakakaka. Akaanguka. Akaruka tena, na safari hii gogo likaruka upande wake na yeye upande wake. Kimya. Viduara tu majini.

Gogo tumelirudisha. Kipande cha nyuma kina mashimo ya meno, pande mbili, nimeingiza kucha yangu imezama. Waya haukukatika. Mbuga na Mto, asante, ingawa baiskeli yangu inakulaani.

Nilikuwa nimekaa chini. Sikumbuki nilikaa saa ngapi. Alikuwa kilo tano, naapa.

Mbuga_na_Mto

Karibu chamani, Papa. Baiskeli nitakununulia waya zake.

Mama_Kisense

Kilo tano? Mungemuleta, balansi yangu ingesema.

Gogo_la_Paleti

Mama, mjomba hataki niliseme hili, lakini aliniomba gogo la mgongo wa kijani alale nalo nyumbani kwake "alitazame".

Na kwenye daftari nimeshaandika: wa ishirini na mmoja, saa tano kasorobo, jua kali, aligeukia kushoto, aliuma, alitoka. Kilo tatu.

Papa_Katuba

Futa. Andika tano.